Seva ndogo ya tokeni za ruhusa kwa SACCO: JWT au tokeni za kawaida kwenye databesi?

drani_arua

Salaam ndugu zangu. Niko Arua, Uganda, naangalia mifumo ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) moja ya hapa mjini, si kubwa, ofisi kuu iko hapa na tawi Koboko, halafu kuna maajenti wanazunguka sokoni na vijijini na simu za Android wanakusanya akiba. Programu zinazogusa data ya wanachama ni tatu, apu ya maajenti, ukurasa wa wahasibu, na kile kiprogramu cha kutuma SMS mtu akiweka au akitoa pesa.

Shida ni hii. Aliyejenga mfumo mwanzo aliweka ufunguo mmoja ndani ya apu, ule ule kwenye simu zote, seva ikiuona inafungua mlango bila kuuliza wewe ni nani. Ajenti mmoja alipoacha kazi ikabidi tubadilishe ufunguo na kuweka apu upya kwenye simu ya kila mtu, na wengine wako huko ndani Terego, kwa hiyo siku kadhaa watu waliandika kwenye daftari na mpaka leo kuna wanachama wanalalamika salio. Sitaki hiyo irudi tena.

Nataka seva moja ndogo ambayo kazi yake ni hiyo tu, mtu anaingia na jina lake na nenosiri lake, anapewa tokeni (kibali cha kidijitali cha muda), programu zingine zinaangalia tokeni zinajua ni nani na ameruhusiwa nini. Go naiweza, Linux naiweza. Nimeangalia Keycloak (programu iliyo tayari ya kazi hiyo) lakini mashine niliyo nayo ina RAM ya GB 1 tu. Nisaidieni, niende na JWT (tokeni iliyosainiwa, inabeba habari zake ndani) au tokeni za kawaida za kuhifadhi kwenye databesi? Na tokeni iishi muda gani? Simu ikiibiwa pale sokoni nataka ife haraka, lakini pia sitaki ajenti aingize nenosiri kila saa juani.

NakatoK

Ndugu Drani, karibu. Kwa ukubwa huo mimi ningeacha JWT kabisa. Watu wanaikimbilia kwa sababu kila mafunzo mtandaoni yanaanza nayo, lakini fikiria unachotaka hasa. Kutoa tokeni ni kazi ya mchana mmoja, kazi yenyewe ni kuinyang'anya, na JWT ikishatoka haiwezi kuitwa irudi, itakubalika mpaka muda wake uishe hata kama umeshamfukuza mtu.

Fanya hivi, chukua baiti 32 za bahati nasibu kutoka kwenye mfumo wenyewe (kwenye Go ni crypto/rand, usiguse math/rand), ziandike kwa base64url (njia ya kugeuza baiti kuwa herufi), hiyo ndo tokeni. Kwenye databesi usiweke tokeni yenyewe, weka SHA-256 yake (alama inayotokana nayo lakini haiwezi kugeuzwa kuwa tokeni), ili mtu akiiba bakapu yako asipate kitu cha kutumia. Hapa huhitaji Argon2, hiyo ni kwa manenosiri ya watu ambayo ni mafupi na yanakisika, baiti 32 za kweli hakuna mtu atazikisia. Jedwali moja linatosha, alama ya tokeni, mtumiaji, kifaa, ruhusa, imetolewa lini, inaisha lini, imefutwa lini. Hiyo safu ya kifaa usiiache, ndo itakuwezesha kuua simu moja bila kumfungia mtu laptopu yake.

SQLite (databesi ya faili moja) inatosha sana, washa WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), weka indeksi kwenye alama, kuitafuta tokeni hakutachukua hata milisekunde moja. Programu ya Go na SQLite kwenye GB 1 itakaa vizuri na nafasi itabaki. Keycloak ni nzuri lakini ni Java, mimi siianzishi kwenye mashine ya chini ya GB 2, na nusu ya vitu vyake hutavigusa maisha yako yote.

mtandao_gulu

Nakubaliana na dada Nakato karibu yote ila kabla hajaamua nina swali kwa Drani. Hilo tawi la Koboko linafanya kazi vipi intaneti ikikatika? Maana tokeni ya databesi inataka kila ombi lifike kwa aliyeitoa kuuliza kama bado hai. Kama kila kitu kiko seva moja sawa, kama sivyo hesabu inabadilika.

drani_arua

@mtandao_gulu swali zuri. Koboko wana Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, kwenye LAN yao (mtandao wa ndani), inashika nakala ya data ya tawi, laini ikilala wahasibu wa pale wanaendelea kuhudumia watu kupitia hiyo Pi, ikirudi inapeleka mambo yote ofisi kuu. Na laini inalala kweli, si mara moja kwa mwezi. Maajenti nao apu yao inarekodi kwenye simu halafu inatuma ikipata mtandao.

mtandao_gulu

Basi hapo ndo JWT inapata kazi yake halali. Tokeni iliyosainiwa ni kama tiketi ya basi yenye muhuri, kondakta anaangalia muhuri na tarehe, hapigii simu ofisi iliyoiuza. Pi ya Koboko ikiwa na ufunguo wa umma wa seva yako (unakagua tu, hausaini) inaweza kukagua tokeni yenyewe, laini iwepo isiwepo.

Ila usisaini na HS256. Ile inatumia siri moja kusaini na kukagua, kwa hiyo ukiiweka Koboko, yeyote atakayeibeba ile Pi mkononi (na ni kidude kidogo kinaingia mfukoni) ataweza kujitengenezea tokeni za meneja wa ofisi kuu. Tumia ES256 au EdDSA, ufunguo wa siri unabaki Arua peke yake, Koboko inapata wa umma tu ambao hata ukichapwa gazetini hauna madhara. Kwenye msimbo wa kukagua iandike aina ya sahihi wewe mwenyewe, usiisome kutoka kwenye heda (sehemu ya mwanzo) ya tokeni. Mwaka 2015 iligunduliwa maktaba kadhaa za JWT zilikuwa zinakubali tokeni iliyoandikwa alg ni none, yani haina sahihi kabisa, na zingine zilidanganywa kutumia ufunguo wa umma kama siri ya HS256. Mambo haya yamekusanywa kwenye RFC 8725 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) ya 2020, ni fupi, isome yote. Kagua iss (nani ameitoa), aud (imekusudiwa mashine gani) na exp (inaisha lini) kila mara, hata pale unapoona haina haja.

Sasa maajenti. Wape vitu viwili, tokeni fupi ya dakika 10 ya kufanyia kazi, na tokeni ya kurifreshi (ya kuombea fupi mpya) ya siku 30 ambayo ndo ile ya Nakato, ya bahati nasibu, imekaa kwenye databesi. Simu ikiibiwa unafuta ya kurifreshi, na ile fupi inajifia ndani ya dakika 10. Kila ikitumika ya kurifreshi unatoa mpya na kuzima ya zamani, na ya zamani ikionekana tena unajua kuna wawili wanaoitumia, unazima ukoo mzima wa hiyo simu.

Na hapa nikuambie kitu ambacho mafunzo mengi hayasemi kwa sababu yameandikwa na watu wenye fiba. Mtandao wetu wa vijijini unapoteza majibu. Simu inatuma tokeni ya kurifreshi, seva inaipokea, inaizima, inatoa mpya, jibu linapotea njiani. Apu inajaribu tena na ile ya zamani kwa sababu ndo pekee inayoijua, seva inaona tokeni iliyozimwa imerudi, inasema huyu mwizi, inazima kila kitu. Ajenti yuko Terego na foleni ya akina mama mbele yake, apu inamwambia aingie upya, na nenosiri alishalisahau. Kwa hiyo weka nafasi ya msamaha, sekunde 60 hivi baada ya kuzimwa ya zamani bado inakubalika mara moja zaidi na inapata mpya. Ikija baada ya hapo ndo unaua. Jaribu hili kwa makusudi kabla ya kuwapa watu, chomoa waya katikati ya jibu uone apu inafanyaje.

Halafu usichanganye ruhusa ya kutuma na ruhusa ya kurekodi. Ajenti akiwa nje ya mtandao apu ifunguke kwa PIN ya simu yenyewe na arekodi tu, hata tokeni ikiwa imeisha tangu asubuhi. Tokeni inahitajika siku ya kutuma. Ukifunga kurekodi kwa sababu tokeni imeisha umewarudisha watu kwenye daftari.

NakatoK

Hayo ya jibu kupotea ni kweli kabisa, asante kwa kuyaandika, nimeona watu wanaondoa ulinzi wote dhidi ya tokeni kutumika mara ya pili kwa sababu hiyo badala ya kuweka hizo sekunde.

Lakini ndugu wa Gulu kuna shimo kwenye hoja yako ya Koboko. Umesema tokeni dakika 10. Laini ikilala saa 4 asubuhi, saa 4 na dakika 10 tokeni ya mhasibu imeisha, na ya kurifreshi haiwezi kufika Arua. Pi inaweza kukagua sahihi vizuri sana lakini itamkataa mtu kwa haki. Kukagua bila laini hakusaidii kitu kama muda ni mfupi kuliko kukatika kwenyewe.

Na kingine Drani, usiweke habari za mwanachama ndani ya JWT. Sahihi inazuia kubadilishwa, haizuii kusomwa, ni base64url tu, mtoto wa shule anaifungua. Nimeona tokeni zimebebeshwa namba ya simu na NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ya mtu eti ili kupunguza maombi kwa databesi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na SACCO inashika data za watu wa kipato kidogo ambao hawana njia ya kujitetea zikivuja. Weka kitambulisho cha ndani cha mtumiaji, ruhusa zake, muda, basi.

mtandao_gulu

@NakatoK uko sahihi, dakika 10 ni kwa simu zinazoongea na Arua moja kwa moja. Kwa Koboko ningetoa tokeni ya aina nyingine, aud yake ni mashine ya Koboko peke yake, inaishi saa 24, na inaruhusu kazi za dirishani tu. Inatolewa leo mchana inafika kesho mchana, kwa hiyo laini ikilala usiku asubuhi bado wanafungua. Ikiibiwa haifungui kitu Arua kwa sababu aud haifanani, na ndo maana nilisema aud ikaguliwe kila mara. Halafu kila tokeni iwe na jti (namba yake ya pekee), na Pi ivute orodha ya zilizofutwa kila dakika laini ikiwepo, orodha yenyewe itakuwa na mistari miwili mitatu kwa sababu zilizoisha muda unazitoa.

Bado kuna pengo la muda ambapo mtu amefukuzwa Arua na Koboko haijajua. Hilo huwezi kulifunga kwa msimbo, hakuna njia ya kupeleka habari pasipo laini. Unalipunguza kwa kuweka kiwango, kutoa pesa juu ya kiasi fulani kunasubiri laini irudi na seva ya Arua iulizwe pale pale kama tokeni ni hai. Kuna RFC 7662 inayoeleza namna ya kuuliza, si lazima uifuate yote lakini umbo lake ni zuri. Kiasi kiwe gani wakae bodi waamue, si wewe. Na usidhani laini kulala ni mambo ya saa chache tu, Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13, ikarudi tarehe 18. Mwambie meneja wa tawi mapema wakipita saa 24 watafanya nini, iandikwe kwenye karatasi.

mzee_wa_mitambo

Vijana mmeongea vizuri. Mimi naongeza saa, kwa sababu hakuna aliyeitaja na kwenye kazi hii saa ni sehemu ya kufuli.

Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimika inaanza tena na wakati iliouhifadhi mara ya mwisho, halafu inangoja mtandao iulize saa sahihi. Sasa pigia picha umeme umekatika Koboko kwa saa 6, umerudi, lakini laini bado. Pi inaamini ni saa 6 zilizopita. Tokeni iliyokufa asubuhi inaonekana hai, hapo ulinzi wenu wa saa 24 umekuwa wa saa 30. Laini ikirudi, tokeni mpya kutoka Arua zinaonekana zimetolewa saa 6 mbele, maktaba nyingine zinazikataa, mhasibu anapiga simu anasema mfumo umeharibika na mtu anakesha akitafuta kosa kwenye msimbo. Nunua kile kidude cha saa cha DS3231, bei yake si kitu, kibandike, weka chrony (programu ya kulinganisha saa kupitia mtandao) pande zote mbili, na kwenye kukagua ruhusu tofauti ya sekunde 60 basi.

Pia exp ni sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC (saa ya kimataifa), haijui Kampala wala London. Mtu akiiweka saa kwa mkono akaandika saa ya ukutani kwenye mashine inayodhani ni UTC, mashine inakwenda mbele saa 3. Ukiona tokeni za dakika 10 zinakataliwa papo hapo, toa wakati wa mashine moja kwenye wakati wa nyingine, ukipata 10,800 umeshajua kosa.

Pili, logi (kumbukumbu za mfumo). Tokeni ipite kwenye heda ya ombi iitwayo Authorization, isipite kwenye anwani (URL). Ikipita kwenye anwani Nginx (seva ya wavuti) inaiandika kwenye access.log kila mara, na logi ndo kitu watu wanatumiana kwenye WhatsApp wakiomba msaada. JWT karibu zote huanza na eyJ, kwa hiyo kila baada ya muda ingia kwenye logi utafute herufi hizo tatu. Isipatikane hata moja.

Tatu, cheti cha HTTPS. Kama ofisi yenu iko nyuma ya NAT ya kampuni ya intaneti (wateja wengi anwani moja), Let's Encrypt (wanaotoa vyeti bure) haitaweza kuwafikia poti 80, tumia njia ya DNS. Vyeti vyao vya kawaida ni vya siku 90 na tangu Juni 2025 hawatumi tena barua pepe ya kukumbusha, kwa hiyo weka kitu chako cha kuangalia. Caddy (seva ya wavuti) inahuisha vyeti yenyewe lakini ikishindwa inashindwa kimya, wewe unaona siku simu zote zimekataa kuunganika.

Nne, mlango wa kuingilia uwekee kikomo cha majaribio kwa jina la mtumiaji, si kwa anwani ya IP peke yake. Maajenti wako wote wa laini moja wanaweza kuonekana kwa IP moja, utajikuta unawafungia wote kwa kosa la mmoja.

drani_arua

Banange, nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni sana mzee, dada Nakato, na ndugu wa Gulu. Nimeamua hivi, tokeni fupi ES256 dakika 10 kwa simu, ya kurifreshi kwenye SQLite na zile sekunde 60, Koboko saa 24 na aud yake, na DS3231 naiagiza Kampala. SMS nayo itapata tokeni yake yenye ruhusa ya kusoma namba ya simu tu, sa hivi inaweza kusoma hata salio na sijui kwa nini.

Mawili yamebaki. Apu ya maajenti, nitume jina na nenosiri moja kwa moja kutoka kwenye apu kwenda kwa seva, au kuna shida? Na ufunguo wa siri wa kusaini, bakapu yake iwe wapi? Mashine ya Arua ikiungua nisianze upya na kila mtu.

NakatoK

La kwanza, njia ya kutuma nenosiri kwa mtindo wa zamani wa OAuth (kanuni za kutoa ruhusa mtandaoni) imekatazwa kabisa kwenye RFC 9700 ya Januari 2025. Fungua ukurasa wa kuingilia kwenye brauza ya simu, urudishe msimbo wa muda kwa apu, na PKCE (uthibitisho kwamba anayeleta msimbo ndiye aliyeuomba) juu yake. PKCE iko tangu 2015 na ilitengenezwa kwa hali yako hasa, apu ambayo haiwezi kutunza siri kwa sababu yeyote anaweza kuifungua APK (faili la apu) akaisoma. Faida yake kwako, siku ukitaka kuongeza msimbo wa pili wa kuthibitisha kwa mameneja unabadilisha ukurasa mmoja, hugusi simu ya mtu.

mzee_wa_mitambo

La pili. Mashine ikiungua ufunguo si hasara kubwa, unatengeneza mwingine, unapeleka wa umma Koboko, watu wanarifreshi wanaendelea. Kitu usichotaka kupoteza ni databesi ya watumiaji na tokeni za kurifreshi. Usiinakili kwa cp (amri ya kawaida ya kunakili faili) seva ikiwa inafanya kazi, na WAL ikiwa imewashwa utapata faili iliyokatika, tumia amri ya .backup ya SQLite yenyewe, kila usiku, ipeleke kwenye diski nyingine nje ya chumba hicho, na mara moja moja irudishe kwenye laptopu uone inafunguka.

Ufunguo nao uuzungushe kila baada ya miezi michache hata kama hakuna kilichotokea, ili siku ya moto mkono uwe umeshazoea. Kila ufunguo uwe na kid yake (kitambulisho cha ufunguo). Kwanza peleka wa umma mpya Koboko na uhakikishe Pi imeupokea, ndo uanze kusaini na mpya, halafu wa zamani uuache ukae saa 24 na zaidi kidogo mpaka tokeni ya mwisho ya Koboko iishe ndo uuondoe. Ukigeuza mpangilio huo, tawi zima litakataliwa laini ikiwa imelala na hutakuwa na njia ya kuwasaidia ila kupanda gari.

drani_arua

Sawa mzee. Kesho naanza na jedwali na ukurasa wa kuingilia, JWT ya Koboko itafuata kile kidude cha saa kikishafika. Nikiwa nimechomoa ule waya katikati ya jibu nitaweka logi hapa, nikishaitafutia eyJ kwanza.

mtandao_gulu

Weka na ya upande wa simu pia, hiyo ya seva peke yake haitaonyesha kama jibu lilipotea au halikutumwa.